Wageni wa Vyura

Kaka mpendwa,

Sisi wazima, ila mvua haijakatika hii wiki ya tatu na ukuta wa jikoni umeota ukungu. Vyumba vyote vitatu vya wageni vimejaa. Ndiyo, msimu huu huu ambao zamani hakukanyaga mtalii hapa!

Wazo lako la kuwaalika wageni wakati wa mvua nililicheka. Basi wakaja mwalimu mstaafu na mkewe, na swali lao la kwanza likawa, "Vyura wako wapi?" Nikadhani nimesikia vibaya. Mara Mama akatokea mlangoni. Unajua tangu tumzike Baba alikuwa hatoki chumbani. Akasema, "Huyu hajui kitu. Nifuateni mimi." Akachukua mwavuli, akawapeleka bwawani, akawatajia kila chura kwa mlio wake. Walirudi wamelowa chepechepe, Mama anacheka. Tangu hapo wanakuja wengine, na wote wanamuulizia yeye.

Kaka, nyumba hii nilikuwa nimeshaipatia mnunuzi. Ulipokataa kutia saini, nikakuambia mtu asiyefika kumzika baba yake hana sauti hapa. Neno lile linaniuma mpaka leo. Ungenisikiliza, Mama angekuwa amejifungia kwenye chumba cha kupanga mjini.

Asante kwa kukataa. Jana nilimuuliza Mama kama ana neno la kukuambia. Akasema, "Aje kabla mvua haijaisha, nimtembeze."

Njoo, kaka. Nitakupokea kituoni mimi mwenyewe.

Mdogo wako, yule mwenye mdomo