Baba Kampekua Bibi Getini

Shoga, kaa chini kwanza. Baba kampekua bibi! Bibi mzaa mama, mkwewe, mchana kweupe!

Si amestaafu ulinzi wiki iliyopita? Leo kavaa sare yake, kapeleka kiti getini kwetu, katulia. Bibi anafika na kikapu, baba anasimama wima: "Samahani mama, fungua mzigo."

Fungua mzigo! Kwa mkwewe!

Na bibi kafungua! 😂

Mama alitamani ardhi ipasuke. Akatoka mbio, mwiko mkononi: "Umestaafu, mume wangu! Hapa unalinda nini?"

Baba akamtazama kama hajaelewa swali. "Miaka yote nimelinda mageti ya watu, wewe ukilala peke yako na panga chini ya kitanda."

Shoga, mama akashusha mwiko. Bibi ndiye aliyesema: "Shukuru, mwanangu. Wenzako waume zao wakistaafu hawaonekani nyumbani. Wa kwako hata getini habanduki."

Mama akaingia ndani. Nikajua kanuna.

Sasa hivi nachungulia dirishani. Mama katoka na kiti chake, kakiweka ubavuni mwa baba. Bibi anaaga, anataka kupita, na mama, mama yangu mimi, ananyoosha mkono:

"Samahani mama, fungua mzigo."