Koti la Shambani

Wenje, Alhamisi usiku, 1958

Bora ningeliacha koti lile liliwe na nondo. Lakini mimi nguo siitupi. Juzi nilipopangua sanduku letu, kanga zilizochakaa nilizikata zikawa nepi za mjukuu, fulana ikawa tambi za taa, na koti kuukuu la mume wangu Komora nikalivisha sanamu la shambani, litishe ndege wa mpunga. Nilijiona mjanja.

Leo jioni nimekwenda kuamia ndege. Sanamu limesimama palepale, ila halina koti. Limevaa shati jeupe na kaptula nyeupe, nguo za wafungwa wa kambi ya kizuizini iliyo jirani.

Nilirudi mbio nikamwambia Komora. Hakunikemea, na hilo ndilo lililonitisha.

"Mama Buya, kile kiraka chako cha uzi mwekundu bado kipo mgongoni?"

"Kipo."

"Basi askari wakimkamata huyo mfungwa aliyetoroka, watajua koti ni la nani. Watasema sisi ndio tuliomvisha."

Hapa Wenje nani asiyejua mkono wangu?

Akaenda kuzivua zile nguo, azizike kabla askari hawajazikuta. Nilimwambia angoje kuche. Hakunisikia.

Sasa mbwa wao wanabweka upande wa shambani. Taa nimeizima, nimeiwasha tena, sijui lipi bora.

Nguo nyeupe huonekana mbali gizani. Nyumba nzima imejaa matambara yangu, na sikukumbuka kumpa hata moja la kuzifunikia.