Lori la Unga na Heshima ya Adan

Isiolo, Alhamisi jioni, 1966

Upepo wa leo umejaza vumbi hadi kwenye shuka zangu mpya za arusi. Nina hasira, na bado nina furaha ya kipumbavu kila nikisikia viatu vya Guyo mlangoni. Mwezi wa kwanza wa ndoa ndio huu!

Guyo wangu alianza na birika moja la chai sokoni. Akanunua ngozi, akauza ng'ombe, leo ana duka na lori. Faida inageuka unga wa watu wetu waliokusanywa na serikali kambini Kulamawe, ambao mifugo yao imechukuliwa. Shangazi yangu yuko huko. Nilimpenda Guyo kwa hilo kabla sijapenda macho yake.

Lakini wiki hii lori limesimama. Afisa wa kizuizi cha barabarani anaangalia pua na nywele. Dereva wetu Adan ni Msomali, kwa hivyo, kwake yeye, ni shifta, mwasi wa porini. Lori lingine lolote linapita na msafara wa askari. Letu litapita akishuka Adan.

Guyo amekataa. Leo mchana aliita wafanyabiashara wenzake hapa nyumbani, wakubaliane: Adan asipopita, lori la mtu yeyote lisitoke. Nikakaanga buni za kahawa kwa samli, kama tunavyofanya sisi Waborana kwa jambo zito. Mkishatafuna pamoja na kubarikiana, mmekuwa kitu kimoja.

Mutuma, mfanyabiashara wa miraa kutoka Meru, alichota mkono mzima.

"Shemeji, njugu zenu zitanivunja meno!"

Tukacheka, hata Adan. Kisha Mutuma akageukia Guyo, mdomo bado umejaa. "Mtoe huyu, nikupe dereva wangu. Mambo yaishe."

Huyu! Na Adan ameketi ubavuni pake.

"Umetafuna baraka na yeye," Guyo akasema, "halafu unamtupa?"

"Baraka gani? Mimi nimekula tu!" Maskini, hakujua kweli. Alipoelezwa aliona haya, akamwomba Adan radhi. Lakini hakubadilisha neno. "Miraa yangu inakauka, Guyo. Haingoji siasa." Akaondoka, na wengine wakamfuata mmoja mmoja.

Nilitaka kulia kwa hasira.

Guyo alipoenda kuswali, Adan alinijia jikoni. "Dada, mwambie akubali dereva wa Mutuma. Kulamawe watoto wanakunywa maji ya moto wakiita uji. Mimi nikimwambia, ataona nimevunjika."

"Na wewe je?"

"Mimi nitaenda kwa huyo afisa kwa miguu yangu. Nitamuuliza mimi ni nani. Lakini sitamuuliza nikiwa nimekalia unga wa watu."

Msafara unaondoka alfajiri.

Guyo yuko chumba cha pili, anaimba, amejaa fahari kwamba hakuinama. Ni mzuri jamani, anapokuwa hivyo! Na amekosea. Nimeandika haya ili nipate ujasiri, na sasa nimemaliza, sina kisingizio.

Naenda kumwambia. Unga utoke. Kisha kesho twende na Adan mpaka kwa afisa, sisi watatu, na mimi niseme kwa Kiingereza changu chote cha sekondari.

Akinikasirikia, itakuwa mara yetu ya kwanza.