Salamu za Mohira

Baba Mohira,

Sisi wazima. Theluji imeziba njia ya kwenda mjini Khorog, na ng'ombe kazaa dume.

Jana wazazi tuliitwa shuleni. Tangu uende Moscow kubeba matofali, anayefundisha ni yule mzee wa kuwasha jiko la kupasha darasa joto. Mama Parviz akafoka, "Shule gani hii? Watoto wanabeba kuni, wanaota moto, wanarudi!" Halafu akanigeukia: "Si mumeo alikuwa mwalimu?" Mshahara wako haukutosha hata unga, wanajua.

Nimempa Mohira kalamu akusalimie mwenyewe. Yuko darasa la tatu, Mwalimu. Hata bibi yake anajua kuandika jina. Mohira kachovya dole gumba kwenye wino, kaligandamiza hapa chini.

Mkeo,
Nigina