Ng'ombe wa Zizini Si Wote wa Baba

Mjukuu wangu Tluway,

Huku Rhotia hatujambo. Maharage yamekubali, na shangazi yako amejifungua salama. Umeniuliza kwa nini nimegoma kulipa deni ambalo kompyuta za ofisi yenu ya kodi zimelipiga kwa fedha zilizopita kwenye simu yangu.

Nilipokuwa msichana, mtoza kodi alihesabu ng'ombe zizini kwetu akamwandikia baba kodi ya tajiri. Hakujua kwamba kwetu ng'ombe hulala kwa jirani: unampa akufugie na anywe maziwa, lakini ng'ombe anabaki wako. Aliporudi na askari kuwaswaga, mama alisimama mlangoni mwa zizi akapiga yowe. Wenye ng'ombe wakaja mbio, kila mmoja akawaita wake kwa majina, nao wakamfuata. Baba akabakiwa na mtamba mmoja. Mama akamwambia mtoza kodi, "Huyu ndiye wetu. Andika kodi yake, tutalipa."

Fedha mlizoziona ni za akina mama wa kikundi chetu. Mimi nawatunzia tu. Kodi yangu nitalipa bila kusukumwa. Ya wenzangu silipi, hata mje na askari.

Yowe la mama bado nalijua.

Bibi yako,
Marta