Harufu ya Karanga Zisizokuwepo

Jumamosi, alasiri

Dada Eliza,

Tangu tulipokuzika nina swali ambalo wewe tu ungeweza kulijibu: zile karanga ulizozinusa zilitoka wapi? Sasa nimepata nusu ya jibu, na nimeona nikuandikie.

Unakumbuka ulivyokuwa ukiacha kusonga ugali na kuuliza, "Nani anakaanga karanga?" Hakuna aliyekuwa akikaanga. Tulikucheka: "Eliza naye, njaa yake ina pua!" Halafu ulikuwa ukianguka. Sikuwahi kuyaunganisha mambo hayo mawili. Hata siku ile ulipokufa maji kijitoni, maji yasiyofika magotini, wenzako wamesimama mbali wakiogopa povu... Basi, hiyo unaijua.

Tumehamia kijiji cha Ujamaa, karibu na barabara ya Shelui. Nyumba zimepangwa mistari. Ukipiga chafya, jirani anakupa pole. Mwanao Sara yuko darasa la tatu. Mwezi wa pili, ndani tukiwa na mtama tu, aliniuliza, "Mjomba, nani anakaanga karanga?" Hapo hapo akalegea. Nilimdaka kabla hajafika chini. Majirani walitawanyika, na Mama yetu akapiga kelele, "Usiguse povu, litakuambukiza!"

Nilimpeleka hospitali, ambako alikuwa amekuja daktari wa ubongo na mishipa ya fahamu. Aliuliza jambo ambalo hatukuwahi kuulizwa: "Kabla ya kuanguka, anasema nini?" Nikamweleza habari za Sara, kisha zako. Akasema ile harufu ndiyo kifafa chenyewe kikianza, mahali pale ubongoni panapotambua harufu, kabla hakijaenea. Povu ni mate tu ambayo mgonjwa hakuyameza. Halimwambukizi mtu. Mlaze ubavu, usimtie kitu mdomoni, ukae naye hadi azinduke. Na kidonge kila jioni, hata akionekana mzima.

Nikamuuliza, kwa nini karanga? Kwa nini nyote wawili? Alicheka kidogo, akasema hajui. Nilimpenda kwa jibu hilo. Wewe ulizisikia zimeiva au zimeungua? Sara anasema zimeungua.

Mvua zilipokwisha, Sara akiwa hajaanguka tena, Mama aliacha kumpa dawa bila kuniambia. "Mtoto anacheza rede mpaka jioni, dawa ya nini?" Siku chache baadaye Sara alianguka shambani, wakiwa wawili tu. Mama hakukimbia. Aliniambia mwenyewe, sauti ikiwa chini: "Nilimgeuza ubavu kama ulivyosema. Povu likanimwagikia mkononi." Kisha akauliza: "Mwanangu, kwani Eliza naye angegeuzwa tu, angekuwa hai?"

Nilishika mkono wake ule ule.

Tangu siku hiyo kidonge anakitoa yeye, na hamwondokei Sara mpaka afungue mdomo aonyeshe ulimi.

Nakuahidi mambo mawili. Dawa ya mwanao haitakatika mpaka daktari mwenyewe aseme. Na kila mtu katika mstari huu wa nyumba atajua kumgeuza aliyeanguka. Kesho baada ya ibada balozi wa nyumba kumi ataita watu, niwaonyeshe. Nilikuwa natafuta kijana wa kulala chini awe mfano. Mama akasema, "Kijana wa nini? Nitalala mimi. Wewe nigeuze, wote waone."

Pumzika, dada yangu.

Mdogo wako,
Yohana