Safari ya Ulaya kwa Zamu

Jumapili, mwezi wa nne. Theluji imerudi, ile nyepesi yenye majimaji, baada ya kutudanganya wiki nzima kwamba baridi imekwisha. Nina huzuni, na sioni sababu ya kuificha humu daftarini.

Leo mimi na Baba Neema tulikuwa nyumbani wote wawili, mchana, tukiwa macho. Mara ya mwisho ilikuwa Krismasi.

Mume wangu anafanya kazi kiwandani Plymouth, mji wa jirani, zamu ya usiku. Mimi ni muuguzi kwenye nyumba ya wazee huko Woodbury, zamu ya mchana. Yeye akizima gari lake hapa mjini kwetu, Crystal, mimi nawasha langu. Tulipanga hivyo ili watoto wasilelewe na watu baki. Tukasema ni mpaka Neema aanze shule. Akaanza. Tukasema mpaka mdogo wake naye aanze. Sasa wote wawili wako vyuoni, majimbo ya mbali, na sisi bado tunapishana mlangoni. Miaka kumi na tisa.

Ndiyo maana safari hii niliipokea kwa mikono miwili.

Wazo lilikuwa lake. Wakati wa mapumziko kazini huwa anaangalia video za watu wanaozunguka Ulaya kwa gari na kulala kwenye mahema kando ya maziwa. Mwezi wa pili akaniachia karatasi kwenye mlango wa friji: wiki tatu, mwezi wa nane, gari la kukodi kutoka Frankfurt, tupite Austria na Slovenia mpaka Italia, unasemaje? Nikaandika chini yake: twende. Dada yangu wa Arusha aliposikia alicheka mpaka akakohoa. "Yaani mfike Ulaya halafu mlale nje?" Nilimwacha acheke. Mimi sikuwa nakwenda kuangalia Ulaya. Nilikuwa nakwenda kukaa na mume wangu.

Miezi miwili tumepanga kwa karatasi zile. Yeye anaandika asubuhi, mimi najibu jioni. Aliuliza kama Austria kuna dubu, nikamjibu asihofu, wataanza na mimi mwenye nyama. Kesho yake nikakuta ameandika: basi nitakuwa na muda wa kukimbia. Nilicheka peke yangu jikoni kama msichana anayetongozwa.

Leo akaleta ratiba kamili, ameichapa na kuitia kwenye faili. Nikavaa miwani, nikasoma.

Usiku: Baba Neema anaendesha, Mama Neema analala kiti cha nyuma. Asubuhi: kufika kambini, kusimamisha hema. Mchana: Baba Neema analala hemani, Mama Neema anatembelea mji. Jioni: kukunja hema, kuondoka.

Siku ishirini na moja, zote hivyo hivyo.

Ametupangia zamu.

Nikamuuliza, "Baba Neema, sasa sisi tutakaa pamoja saa ngapi?" Aliichukua ratiba, akaipitia kwa kidole taratibu, akasimama kwenye mstari mmoja. "Hapa, Mama Neema. Saa kumi na mbili asubuhi. Tunakunywa chai." Hakuwa ananitania. Alifurahi kweli kuupata mstari huo.

Ningemkasirikia, na hasira ingenisaidia. Lakini humu sijidanganyi. Nilipoisoma ratiba ile, kabla sijaumia, nilishusha pumzi. Nilifarijika. Wiki hizi zote nimekuwa nikiwaza siku ishirini na moja ndani ya gari moja na mtu huyu, kwa woga. Nikajisingizia kwamba naogopa barabara za milimani.

Nikamwambia tubadilishe: tuendeshe mchana, usiku tulale wote wawili. Akasugua macho, maana kwa mwili wake ile ilikuwa saa ya usingizi mzito. Kisha akasema, "Mchana kutwa, Mama Neema? Nitakuambia nini?"

Hakusema kwa ubaya. Aliuliza kama mtu anayetaka kuelekezwa. Na mimi tangu mwezi wa pili ninajiuliza hilo hilo.

Akaniomba radhi, akaenda kulala.

Wahenga walisema mazoea yana taabu. Nilidhani tulichojinyima kwa ajili ya watoto wetu ni usingizi tu, kumbe na kujuana pia. Wazee ninaowauguza nawajua mmoja mmoja: nani anachukia samaki, nani haogi mpaka umwimbie kwanza. Mume wangu leo nimemwona anakunywa kahawa bila sukari, na sijui ameanza lini. Nikaona haya kumuuliza. Nimemaliza miaka kumi na tisa nikimsubiri mtu huyu, na leo alipokaa mbele yangu nilitamani saa yake ya kulala ifike.

Sijui kama tutakwenda. Kwa leo nimekata tamaa, na nimelia kimya kimya nisije nikamwamsha.

Sasa ni saa tisa alasiri. Mara mbili nimeinuka kwenda chumbani, na mara mbili nimerudi kukaa. Nataka aamke. Nataka akae hapa, hata tukinyamaza.

Nikimwamsha sasa hivi, nianze na neno gani?